Safari ya Saa Saba Isiyo ya Saa Saba

Kenya Airways ilipoanza kurusha ndege kutoka Nairobi hadi New York bila kutua njiani, Oktoba 28, 2018, ratiba iliyotangazwa ilikuwa na nyakati nne tu. Ndege inaondoka Nairobi 23:25, inafika New York 06:25. Inaondoka New York 12:25, inafika Nairobi 10:55 ya siku inayofuata. Mtu akichukua kalamu na kutoa wakati mmoja kwenye mwingine, atapata saa 7 za kwenda na saa 22 na nusu za kurudi. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile, na hesabu zote mbili hazina ukweli. Katika majira ya baridi ya Marekani, ratiba hiyo ni saa 15 kwenda na saa 14 na nusu kurudi.

Ratiba za ndege hubadilika kila msimu, na msafiri wa mwaka huu huenda akakuta nyakati nyingine kabisa kwenye tiketi yake. Namna ya kuzihesabu ndiyo isiyobadilika, na ndiyo inayowaponza wengi. Kuna anayefika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka. Kuna anayenunua tiketi ya kuunganisha ndege ndani ya dakika 70 kwenye uwanja ambao foleni ya uhamiaji peke yake hula saa nzima na zaidi. Kuna mzee anayepewa dawa za siku moja kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu watoto walisikia safari ni ya "usiku mmoja".

Swali "New York ni saa ngapi kutoka Nairobi?" lina majibu matatu. La kwanza ni muda ambao ndege iko angani. La pili ni tofauti kati ya saa ya ukutani pale mtu alipoondoka na saa ya ukutani pale alipofika. La tatu ni muda wote tangu mlango wa nyumbani ufungwe hadi mlango wa mwenyeji ufunguliwe. Tiketi huonyesha hilo la pili. Linalomchosha mtu ni la tatu, na halijaandikwa popote. Lazima msafiri alihesabu mwenyewe kabla ya kulipa.

Tuanze na kilomita, kwa kuwa zenyewe hazina ubishi. Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kabisa. Anayeona mahali pengine imeandikwa 7,360 asishtuke, hizo ni maili, na maili moja ni kilomita 1.6 na ushei. Anayetaka kuiona njia hiyo kwa macho asitumie ramani ya ukutani. Achukue tufe la darasani na kipande cha uzi, ashike ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha auvute uzi mpaka ukaze. Hautapita juu ya Kongo na Ghuba ya Guinea kama ramani bapa inavyomfanya mtu adhani. Utapanda kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Chad, Niger, katikati ya Sahara huko Algeria, Moroko, kisha bahari ya Atlantiki karibu na visiwa vya Azores, na mwisho kushukia pwani ya Marekani. Rubani anaweza kupewa njia nyingine kidogo kwa sababu ya hali ya hewa au anga iliyofungwa, lakini huo ndio mstari anaojaribu kuukaribia.

Kuna kanuni moja ya haraka inayofaa kuwekwa kichwani: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Ndege kubwa za kisasa, kama Boeing 787 inayotumika katika safari hii, hukata takriban kilomita 900 kwa saa zikiwa juu. Ila kuna muda wa kutambaa ardhini, wa kupanda, wa kushuka na wa kuzunguka zikisubiri nafasi ya kutua, ndiyo maana 850 pamoja na nusu saa ya ziada hukaribia ukweli zaidi. Kwa Nairobi na New York kanuni inatoa karibu saa 14 na nusu. Kwa Nairobi na Dubai, kilomita 3,560 hivi, inatoa karibu saa 5. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou anakata kilomita 8,710 kutoka Dar es Salaam. Kama ndege haitui njiani, ahesabu saa 11 kasoro. Hata safari ya Singapore hadi New York ya Singapore Airlines, yenye kilomita zipatazo 15,350, inaingia kwenye kanuni hiyo hiyo: saa 18 na nusu, na ratiba halisi haiko mbali na hapo.

Kanuni hiyo humlinda msafiri na wakala asiyesema yote. Kama muda wa tiketi, ukisharekebisha tofauti ya saa, unapita hesabu kwa saa 3 au 4, kuna kituo katikati, hata kama tiketi ina namba moja tu ya ndege. Maneno "moja kwa moja" huwa na maana mbili mdomoni mwa muuza tiketi: pengine ndege haitui kabisa, pengine inatua lakini abiria habadilishi ndege. Swali la kumuuliza ni fupi: inatua wapi, na abiria wanashuka?

Mara nyingine kutua huko hakuna uhusiano na abiria. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya juu hivyo humnyima rubani nguvu ya kuinua ndege iliyojaa mafuta. Kwa sababu hiyo, kwa miaka kadhaa Ethiopian Airlines ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta inapokwenda Washington, halafu inarudi Addis bila kutua popote, kwa kuwa Washington iko chini, karibu na usawa wa bahari, na hapo ndege iliweza kubeba mafuta ya safari nzima. Nairobi nayo iko juu, zaidi ya mita 1,600. Usiku wenye baridi hewa huwa nzito kidogo kuliko mchana wa jua kali, na hiyo ni sababu mojawapo ya usiku kuwa wakati mzuri wa kuirusha ndege iliyobeba mafuta ya kuvuka Sahara na Atlantiki.

Upepo pia una neno lake. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani hukutana nao uso kwa uso, inayorudi husukumwa nao. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa chini ya saa 5, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 7. Katika njia ya Nairobi msaada huo ni mdogo zaidi, kwa kuwa upepo huo uko kwenye nusu ya kaskazini tu ya safari. Hata hivyo, anayekwenda kumpokea mtu asishangae ndege ikitua dakika 40 kabla ya wakati. Afuatilie namba ya ndege siku yenyewe badala ya kutegemea karatasi aliyotumiwa mwezi uliopita.

Sasa saa ya ukutani, ambako ndiko kwenye mtego mkubwa kwa msemaji wa Kiswahili.

Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Mswahili huhesabu saa zake tangu jua lichomoze. Kwa hiyo 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku, 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, na 12:25 ni saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Vijana wanayo haya kichwani. Mama anayesomewa tiketi kwa simu, "ndege ni saa kumi na moja na nusu", hana njia ya kujua kama msomaji anasema saa za Kiswahili au za tiketi, na tofauti yake ni saa 6 kamili. Dawa yake ni kumwandikia wakati mara mbili kwenye karatasi moja: tarakimu za tiketi, na chini yake maneno ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Lugha yetu yenyewe inaongeza utata, kwa sababu "saa sita" ni wakati na ni muda pia. Walimu wa lugha hawalipendi neno "masaa", lakini ni rahisi kuelewa kwa nini watu hulishikilia wanapotaka kusema muda.

Mtego mbaya zaidi ni tarehe. Ndege nyingi za Dar es Salaam na Nairobi huondoka baada ya usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 12, saa 00:40, haina maana kwamba mtu atakula chakula cha jioni cha tarehe 12 nyumbani kisha aende uwanjani. Ndege hiyo ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, na msafiri anatakiwa kuwa uwanjani saa tatu na nusu usiku ya tarehe 11. Kiswahili kina neno zuri la jambo hili, "usiku wa kuamkia", na familia ingelitumia kila mara inapotangaziana safari, watu wengi wangenusurika. Kosa hili hutokea kwa wasomi na wasiosoma vilevile, na gharama yake ni tiketi nzima.

Tofauti ya saa kati ya Afrika Mashariki na New York ni saa 8 katika majira ya baridi na saa 7 katika majira ya joto. Sisi hatugusi saa zetu. Wamarekani husogeza zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kuna njia ya mkato ambayo Mswahili anaweza kuitumia: achukue saa anayoisema yeye kwa Kiswahili, aondoe mbili wakati wa baridi au moja wakati wa joto, na atakuwa amepata namba ambayo Mmarekani anaitaja saa ile ile. Nairobi ikiwa saa kumi jioni ya Januari, kumi ukitoa mbili ni nane. Huko New York wanasema saa nane yao, yaani asubuhi, watu wanakunywa kahawa. Ikiwa saa nne usiku ya Julai, nne ukitoa moja ni tatu. Kwao ni alasiri. Namba inatoka sawa kwa sababu hesabu yetu tayari imebeba saa 6 za tofauti. Bibi asiyejua hata kutumia simu ya kisasa anaweza kuijua saa ya mjukuu wake kwa njia hii, na asimwamshe usiku wa manane.

Tuje kwenye muda wa tatu, ule wa mlango hadi mlango, kwa mfano. Tuseme mama wa Mombasa anakwenda Minneapolis kumhudumia binti yake aliyejifungua. Ni Januari. Tiketi inasema Nairobi hadi New York, kisha New York hadi Minneapolis.

Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapanda treni ya asubuhi kituo cha Miritini, ile inayosimama vituoni njiani na kutumia takriban saa 6 hadi Nairobi. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, upande ule ule wa jiji uliko uwanja wa ndege, kwa hiyo hana haja ya kuingia mjini na kukamatwa na foleni. Wapo watakaomshauri apande treni ya mchana inayofika usiku, ili asikae bure Nairobi. Ushauri huo haufai. Treni ikichelewa kidogo, ndege haimsubiri, na saa chache za kupumzika kwa ndugu wa Syokimau au Athi River ni bima ya bei rahisi sana. Saa mbili usiku awe uwanjani. Kwenye lango la nje huwa kuna ukaguzi wa usalama kabla hata abiria hawajaliona jengo. Kisha kuna kupima mizigo, uhamiaji, ukaguzi wa pili, na kwa ndege za Marekani maswali na ukaguzi mwingine kabla ya kuingia ndegeni.

Anaruka 23:25. Anatua New York 06:25, ambayo Mombasa ni saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Hapo tangu atoke nyumbani zimepita karibu saa 32, na bado hajafika.

Marekani ina utaratibu unaowashangaza wengi: abiria hupita uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari yake inaendelea. Mabegi yaliyobandikwa lebo ya Minneapolis tangu Nairobi hutoka kwenye mkanda wa New York, na mwenyewe lazima ayachukue, apite nayo forodha, kisha ayakabidhi tena. Asiyejua huyaacha yakizunguka pale. Foleni ya uhamiaji inaweza kuwa dakika 30 au saa 2. Chakula chochote kilichomo begini kitangazwe, hata kama ni pilipili manga na majani ya chai. Nyama na matunda mabichi vibaki nyumbani, kwa sababu kukamatwa navyo bila kuvitaja huleta faini na hula muda ambao ndege ya pili haiutoi. Kwa haya yote, saa 3 kati ya kutua na kuruka tena ndicho kiwango cha chini cha busara, na kwa mama huyu saa 4 ni bora.

Ndege yake ya Minneapolis iondoke 10:30. Ni safari ya saa 3 na robo. Minneapolis iko nyuma ya New York kwa saa moja, kwa hiyo anatua 12:45 ya pale, anasubiri mizigo, anapokewa, na saa nane mchana ya huko, 14:00, anafika mlangoni kwa binti yake. Mombasa ni saa tano usiku. Tangu atoke nyumbani ni saa 40 na nusu. Angani alikuwa saa 18 na robo tu. Zaidi ya nusu ya safari ilikuwa treni, viti vya kusubiria, foleni na barabara, na hiyo ndiyo nusu ambayo familia ina uwezo wa kuipunguza au kuilainisha.

Njia ya kwanza ya kuilainisha ni kiti cha magurudumu. Kinaombwa wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi, na si lazima mtu awe hawezi kutembea kabisa. Mzee asiyeweza kusimama kwenye foleni ya saa moja anastahili. Pamoja na kiti huja mhudumu anayejua milango yote, na kwa mama asiyejua Kiingereza huyo mhudumu ni macho na masikio yake. Wazee wengi hukataa kwa kuona haya. Watoto wao wakiombee mapema bila kusubiri ruhusa, kisha wamweleze kwa upole. Pia mfukoni awe na kadi iliyoandikwa kwa Kiingereza: jina lake, anwani kamili anakokwenda, namba ya simu ya mwenyeji, na dawa anazotumia. Ofisa wa uhamiaji huuliza anwani, na "kwa binti yangu" haitamtosha.

Njia ya pili ni kuchagua vizuri mahali pa kubadilisha ndege, kwa wale ambao safari isiyotua haiwafai kwa bei au kwa siku. Hapa uzi na tufe vinarudi kazini. Nairobi hadi Amsterdam hadi New York ni kilomita 12,530 hivi, yaani karibu 700 tu zaidi ya njia iliyonyooka. Nairobi hadi Dubai hadi New York ni kama 14,560, kwa sababu ndege kwanza humpeleka mtu mashariki, mbali na anakokwenda, kisha kumrudisha. Hizo kilomita 2,700 za ziada ni saa 3 angani. Anayetoka Dar es Salaam au Zanzibar anaweza kuona bei ya njia ya Dubai ni nzuri na ndege zake ni nyingi, na pengine ni uamuzi sahihi kwake. Lakini auamue akijua. Na tiketi ya bei ya chini yenye saa 14 za kusubiri usiku si ya bei ya chini tena ukiongeza hoteli, chakula, pengine viza ya kupita, na siku ya kazi iliyopotea.

Jambo lisilo na mjadala ni tiketi moja. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kumtafutia abiria ndege nyingine. Akinunua tiketi mbili tofauti ili aokoe fedha, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inamhesabu kuwa hakutokea, na fedha zimekwenda. Januari na Februari, theluji inapofunga viwanja vya mashariki ya Marekani, akiba hiyo huliwa kwa asubuhi moja.

Na neno "New York" lisomwe kwa makini. Jiji hilo lina viwanja vitatu vikubwa vinavyouzwa kwa jina hilo: JFK, LaGuardia na Newark, ambao hata haumo kwenye jimbo la New York, uko New Jersey. Ndege ya Nairobi hutua JFK. Anayeunganisha kwenda Ohio kutoka Newark ana mizigo ya kuivusha jiji zima kwa gari, na wakati wa msongamano hilo linaweza kuchukua saa 2. Herufi tatu za uwanja wa kutua na herufi tatu za uwanja wa kuondokea zilinganishwe kabla ya kulipa.

Ndani ya ndege, safari ya kwenda ina jambo la ajabu ambalo wengi hawalitarajii: usiku hauishi. Ndege inakimbia magharibi na alfajiri inaifuata nyuma, na katikati ya baridi, kwa ratiba ile ya 2018, abiria anapaa gizani na kukaa gizani karibu saa 15 nzima. Mwislamu asiitafute alfajiri kwa saa ya Nairobi. Wengi hufuata kanuni ya kuangalia anga ya pale ndege ilipo, na katika safari hii alfajiri humkuta mtu karibu na kutua. Aliyefunga akumbuke kwamba kurudi ni kinyume: akiondoka New York mchana wa Januari, jua huzama baada ya saa 3 hivi tu, kwa kuwa ndege inakimbilia mashariki, ambako usiku tayari umeingia.

Hewa ya ndani ya Boeing 787 hushinikizwa hadi kiwango cha kimo cha mita 1,800 hivi, ambacho ni karibu sana na Nakuru. Kwenye ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400. Kwa mtu wa pwani hiyo ni tofauti ya kuisikia kichwani na miguuni. Hewa hiyo ni kavu, kwa hiyo maji yanywewe kidogo kidogo muda wote. Zaidi ya yote ni miguu. Safari yoyote inayozidi saa 4 za kukaa huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wenye uzito mkubwa na waliowahi kuugua hivyo. Kiti cha ujiani, soksi za kubana zilizoshauriwa na daktari, kusimama kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na kuzungusha vifundo vya miguu akiwa amekaa: hayo hayahitaji fedha nyingi. Uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu baada ya safari, au kifua kubana, ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zihesabiwe kwa muda uliopita, na saa ya ukutani iachwe kando. Anayemeza kidonge kila baada ya saa 12 aendelee hivyo hivyo njiani, na saa moja ya mkononi ibaki kwenye saa ya Nairobi mpaka atakapofika. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini amwone daktari wiki kadhaa kabla, akiwa na ratiba mkononi, kwa sababu siku ya kwenda magharibi huwa ndefu kwa saa 8 na ya kurudi huwa fupi kwa kiasi hicho hicho. Dawa zote zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, za siku 3 zaidi ya anazohitaji, zikiwa na karatasi ya daktari.

Mwili huzoea saa mpya polepole, takriban saa moja kwa siku, na kwenda magharibi ni rahisi kuliko kurudi mashariki. Mama wetu akifika Minneapolis aketi dirishani kwenye mwanga au atoke nje akiwa amevaa vizuri, ale wanapokula wenyeji, na ajizuie kulala mpaka jioni. Usiku wa kwanza ataamka saa nane za usiku akidhani kumekucha. Binti yake ajue hivyo, amwachie chai kwenye chupa na taa jikoni. Kumkabidhi mtoto mchanga usiku kucha, kwa kuwa "mama yuko macho", kusubiri wiki moja.

Kurudi ndiko kunakochosha zaidi. Ndege ikitua Nairobi 10:55, mwili bado uko New York, ambako ni saa tisa usiku kasoro dakika tano. Jua linawaka, ndugu wamejaa, na kila mtu anataka hadithi. Kijana aliyerudi likizo mara nyingi huomba funguo za gari hapo hapo, ili aonje tena barabara za nyumbani. Amezoea kuendesha upande wa kulia, hajalala kitandani tangu juzi, na mbele yake kuna malori ya barabara ya Mombasa. Aliyekuja kumpokea abaki na funguo zake mpaka kesho yake.